Umenificha Jina, Ukaniacha na Kengele

Sisi watu wa Kigoma tunawaita migebuka. Ukivuka Manyovu, ukateremka mpaka Nyanza-Lac na Rumonge, ukafika Bujumbura, samaki walewale wa ziwa lilelile wanaitwa mukeke, na saa yako inabidi uirudishe nyuma kwa saa moja. Mengine yote nilidhani ni ya nyumbani. Kiha changu na Kirundi chao vinasikilizana bila mkalimani, na pale Buyenzi, mtaa wa Bujumbura, Kiswahili kinazungumzwa kuanzia msikitini hadi gereji. Ndiyo maana wakubwa wa redio moja ya nje, inayotangaza kwa Kiswahili, waliponitafuta mwaka 2012 niwe mwandishi wao Burundi, sikuuliza maswali mengi. Niliona napelekwa mtaa wa pili. Redio yenyewe sitaitaja jina.

Lakini kuna jambo moja ningepaswa kulipima vizuri zaidi. Juni mwaka uleule, mwenzetu Hassan Ruvakuki, aliyekuwa akiripotia idhaa ya Kiswahili ya RFI, redio ya kimataifa ya Ufaransa, alihukumiwa kifungo cha maisha. Kosa lake ni kwamba alikuwa amewahoji watu waliojitambulisha kama kundi jipya la waasi. Walimkamata Novemba 2011. Januari 2013 rufaa ikapunguza kifungo hadi miaka mitatu, na Machi akatoka. Nilipokuwa nafungasha begi langu mtu alikuwa jela kwa kufanya kazi hiihii ninayokwenda kuifanya, kwa lugha hiihii. Nikajiambia: yule ni raia wao, mimi nina pasipoti ya Tanzania. Wazo hilo lilikuwa kweli, na lilinichukua miaka mitatu kuona ubaya wake.

Aliyenionyesha ni dereva wangu, mzee mmoja wa Buyenzi, mtu wa kanzu Ijumaa na kofia ya mpira siku nyingine zote. Nilimwita Mzee, yeye aliniita mdogo wangu. Alikuwa na desturi ambayo mwanzoni ilinichosha: tukifika popote, hata kama ni kwenda kununua ndagala, yaani dagaa, haegeshi mpaka ageuze gari, kichwa kitazame tulikotoka. Uchochoro mwembamba, watoto wamejaa, mvua inanyesha, yeye anahangaika na usukani mbele nyuma, mbele nyuma. Siku moja nikamwambia, Mzee, tunachelewa mahojiano. Akanijibu bila kuniangalia, "Wewe una pasipoti, mdogo wangu. Mimi nina anwani."

Kabla ya 2015 kazi ilikuwa ngumu kwa njia za kawaida. Kibali cha kuripoti kilitolewa kwa muda, na kila kikikaribia kwisha unaitwa ofisi fulani, unakalishwa kwenye benchi, unaulizwa kwa upole kwa nini taarifa ya tarehe fulani ilikuwa na sauti tatu za wapinzani na moja ya serikali. Wameihesabu. Nami nikajifunza kuhesabu. Nilikuwa na daftari la simu nilizompigia kila msemaji: tarehe, saa, amepokea au hakupokea, alisema nini. Kuna msemaji mmoja ambaye hakuwa akipokea, halafu kesho yake analalamika hadharani kwamba hakuulizwa. Nilimfungulia daftari mbele ya watu: saa mbili usiku, saa mbili na nusu, saa tatu kasoro. Akacheka. Toka siku ile alianza kupokea, na nikiri kwamba baadhi ya alichoniambia kilikuwa kweli na kiliokoa ripoti zangu kutoka kwenye uvumi wa upande wa pili, ambao nao haukuwa haba.

Mtu ambaye hajaishi Burundi ya miaka ile hawezi kuelewa redio ilikuwa nini. Watu walitembea na redio ndogo sikioni kama wengine wanavyotembea na rozari mkononi. RPA, Isanganiro, Bonesha, redio binafsi za pale: hizi zilikuwa ndizo mahakama, ndizo gazeti, ndizo baraza la mtaa. Mkurugenzi wa RPA, Bob Rugurika, alipowekwa ndani Januari 2015, baada ya redio yake kurusha sauti ya mtu aliyedai kushiriki mauaji ya watawa watatu wa Kiitaliano pale Kamenge, kuachiwa kwake Februari kulijaza barabara. Nilikuwepo. Nimeona mapokezi ya viongozi wa siasa, na nimeona mapokezi ya mtangazaji. Yale ya mtangazaji yalinitisha zaidi, maana nilijua kuna watu wengine nao wanayatazama, na hawapigi makofi.

Aprili 25, 2015, chama tawala, CNDD-FDD, kikamteua Rais Pierre Nkurunziza agombee tena. Kesho yake watu wakaingia barabarani katika mitaa ya Bujumbura: Musaga, Nyakabiga, Cibitoke, Ngagara. Hapo ndipo nilipojua kwamba katika nchi ya aina hii hakuna neno lisilo na chama. Ukisema "muhula wa tatu" umeshachagua upande, kwa sababu serikali ilishikilia kuwa ule wa 2005 alichaguliwa na Bunge, si na wananchi, kwa hiyo hauhesabiwi. Ukisema "muhula wa pili wa kuchaguliwa na wananchi", wasikilizaji wa Musaga wanakuona msaliti. Mimi nilikuwa nasema sentensi ndefu, "muhula ambao wapinzani wanauhesabu kuwa wa tatu na unaopingwa kwa kutumia Makubaliano ya amani ya Arusha ya mwaka 2000," na mhariri wa zamu ananipigia kulalamika kwamba nakula sekunde sita. Nikamwambia sekunde hizo sita ndizo bima yangu. Hata neno "waandamanaji" lilikuwa na bei, kwa kuwa serikali iliwaita waasi.

Mei 13, Rais akiwa Dar es Salaam kwenye kikao cha wakuu wa Afrika Mashariki, Meja Jenerali Godefroid Niyombare akatangaza redioni kuwa amemwondoa madarakani. Mji ukalipuka kwa furaha, watu wakipanda juu ya vifaru na matawi ya miti mikononi. Studio wananipigia: tunakuingiza hewani sasa hivi, sema Rais amepinduliwa. Nikasema nitasema jenerali ametangaza kwamba amempindua. Mhariri akaniuliza tofauti iko wapi. Wakati ule kweli sikuwa na jibu zuri, nilikuwa na woga tu, na Mzee kando yangu anageuza gari. Baada ya siku mbili jaribio lilikuwa limekufa. Nimeona wenzangu wakihangaika kulitafuna tena lile neno "amepinduliwa", na halikutafunika.

Katikati ya siku hizo mbili, redio zikachomwa. RPA, Bonesha, Isanganiro, Renaissance, zilishambuliwa moja baada ya nyingine. Rema FM, iliyokuwa ikiiunga mkono serikali, nayo ilivamiwa, na watu wa upinzani wasipende kulisahau hilo. Asubuhi ya Mei 15 ukiwasha redio Bujumbura unasikia ya taifa, na sisi wa nje.

Hapo ndipo kazi yangu ilipobadilika uzito. Jana yake nilikuwa sauti moja kati ya nyingi. Ghafla mama anayeuza mihogo anajua saa yangu ya kuingia hewani kuliko mke wangu. Simu haikukatika: huku wamechukua mtu, huku kumelia risasi, njoo uone. Kila mtu akitaka kusema, na mimi, sina haya kusema, nikaanza kujiona mtu muhimu.

Mwanzoni mwa Juni nilimhoji mama mmoja katika mtaa ambao hata leo sitautaja. Mwanawe wa kiume alikuwa amechukuliwa usiku na watu waliovaa nguo za polisi na viatu vya kiraia. Yeye ndiye aliyeviona viatu, maana alilazwa kifudifudi sakafuni. Alizungumza nami uani, amekaa juu ya kinu kilicholazwa, anachambua maharage. Alieleza taratibu, bila kulia, na kila alipofika mahali pagumu vidole vyake vilikuwa vinaongeza kasi kwenye ungo. Rekoda yangu ilinasa hata yale maharage. Nilijua nina ripoti kubwa.

Nilifuata kanuni zote nilizofundishwa. Jina nililibadilisha, mtaa sikuutaja, umri nikausogeza, jina la kijana nikalikata. Kilichobaki ni sauti yake, dakika mbili na kidogo, na mazingira yake. Mhariri alipenda sana mazingira. Sisi watu wa redio tuna ugonjwa huo: tunataka msikilizaji asikie kuku, asikie mvua kwenye bati, tunasema inaleta uhai. Na mwishoni kabisa, mama aliponyamaza, kwa mbali ililia kengele ya shule. Tuliiacha. Ilimalizia vizuri.

Ile kengele ilikuwa ringi ya gurudumu la lori, imetundikwa kwenye mti, inagongwa kwa nondo. Shule nyingi zinazo. Lakini hii ilikuwa na ufa, na ilitoa mlio wa kukwaruza, kama mtu mwenye mafua. Mgeni haisikii. Aliyeishi mtaa ule hata wiki moja anaijua akiwa usingizini.

Ripoti ilirushwa jioni. Kesho yake mchana wanaume wanne walikuwa wakizunguka nyumba za nyuma ya shule ile wakiuliza ni mama gani hapa ametembelewa na umumenyeshamakuru, yaani mwandishi wa habari. Mungu mkubwa, usiku ule alikuwa amelala kwa dada yake, upande mwingine wa mji. Alinipigia kwa simu ya mtu. Nilitegemea matusi. Alisema tu, "Mwanangu, umenificha jina, ukaniacha na kengele."

Nilirudia kuisikiliza ile klipu usiku kucha, vipokea sauti masikioni. Mara ya kwanza sikuisikia kengele hata nikiitafuta. Mara ya kumi sikusikia kitu kingine.

Kumpeleka mpakani sikuweza, ningemwongezea hatari. Mzee alinikataza hata kumtumia nauli kwa simu, kwa sababu muamala una jina langu. Fedha zilipita mikono mitatu, za mwisho ndani ya kifurushi cha chumvi. Alivuka. Wengi walikuwa wakivukia Kagunga wakati huo, kijiji kidogo chini ya mlima ambacho maelfu walikuwa wamejazana ufukweni, kipindupindu kikawaingilia, na MV Liemba, meli yetu kuukuu ya enzi za Wajerumani, ikawa inawasomba kuwapeleka Kigoma. Pale mjini kwetu waliwapitisha Uwanja wa Lake Tanganyika, ambapo mimi utotoni nilikuwa naruka ukuta kuangalia mpira bure. Mara ya mwisho nilisikia yule mama yuko kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Habari za mwanawe sikupata tena.

Baada ya hapo nilibadilisha namna ya kurekodi. Mahojiano yote ndani ya gari, vioo vimefungwa, injini imezimwa, au chumbani blanketi likiwa limetundikwa mlangoni. Sauti inakuwa kavu kama biskuti, mhariri ananuna. Wakati mwingine nilichukua maneno tu, yakasomwa studio na mtu mwingine, na msikilizaji akaambiwa hivyo. Kabla ya kutuma nilikuwa namsikilizisha mwenyeji wa mtaa ule klipu nzima, namuuliza swali moja: hapa ni wapi? Akiweza kujibu, haitumwi. Ripoti nyingi zilikufia hapo. Zile nzuri ndizo zilikufa kwanza.

Agosti 2 akauawa Jenerali Adolphe Nshimirimana, mkuu wa zamani wa idara ya ujasusi, na siku hiyohiyo Esdras Ndikumana, mwandishi wa RFI na wa shirika la habari la AFP, Mrundi, mtu mzima aliyeheshimika na kila mmoja wetu, alikamatwa akipiga picha eneo la tukio, akapigwa vibaya. Kesho yake Pierre Claver Mbonimpa, mtetezi wa haki za binadamu, akapigwa risasi, akanusurika. Januari iliyofuata waandishi wawili wa nje, Jean-Philippe Rémy na Phil Moore, walikamatwa Bujumbura na kuachiwa siku ya pili. Julai 2016 Jean Bigirimana wa gazeti la Iwacu aliondoka kwake, na hadi leo hajaonekana. Mzee aliyasikiliza yote hayo ndani ya gari, redio ikiwa sauti ya chini. Hakunikumbusha habari ya pasipoti na anwani. Hakuwa na haja.

Kuna siku moja ya kucheka, niisimulie. Majina ya watoa habari nilikuwa siyaandiki kwenye simu. Niliyaficha: Mama Mchicha, Mjomba Harusi, Fundi Viatu. Mmoja aliyekuwa akinipa habari za mtaa wake nilimwandika Fundi Bomba, kwa kuwa kweli alikuwa fundi wa mabomba ya maji. Basi tukasimamishwa kizuizini, miezi ile ya maguruneti kila wiki. Askari kijana akachukua simu yangu, anashuka na majina, anafika kwenye F. Akasimama. Akamwita mwenzake. "Fundi Bomba," akasoma kwa sauti, na wenzake watatu wakasogea.

Kumbe kule, kwa masikio yaliyozoea Kifaransa, bomba ni kile kinacholipuka. Nimekaa nje ya gari mikono juu ya boneti natoa somo la Kiswahili sanifu: bomba la maji, shefu, bomu ndilo la vita, bomba ni hili linalotoa maji jikoni. Hawaelewi. Mzee akashusha kioo, akasema neno moja tu la kwao: "Robine." Wakatazamana. Mmoja akaanza kucheka, wakacheka wote, nami nikacheka kuliko wote, magoti yakigongana. Wakampigia Fundi Bomba mbele yangu, wakaweka sauti ya nje. Nilifumba macho. Akapokea, akasema kwa Kirundi kwamba kama ni kuhusu lile sinki, leo haji, vifaa vimepanda bei. Sijui kama alihisi au ni bahati. Sijawahi kumuuliza, na jina nililibadilisha usiku uleule.

Mwishoni mwa 2016 kibali changu hakikuongezwa. Hakuna aliyenifukuza. Benchi lilelile, chai nikaletewa, nikaambiwa faili linashughulikiwa, nirudi wiki ijayo. Nilirudi wiki nne. Wiki ya nne hata chai hawakuniletea.

Mzee alinipeleka hadi Mugina, upande wa Burundi wa mpaka. Hakutaka kusogea karibu na ofisi za mpakani, aliniteremsha kabla ya kona, na kabla hatujaagana aligeuza gari, ingawa barabara ilikuwa tupu. Tukapeana mikono. Nilimpa redio yangu ndogo, akaikataa, akasema anayo. Afisa aliyegonga muhuri alikuwa kimya mpaka niliposema asante. Hapo akainua kichwa. "Hiyo sauti naijua," akasema. Nikangoja. Akanirudishia pasipoti. "Nenda salama."

Nilikunywa chai Manyovu, kibandani, nikapeleka saa yangu mbele. Ilikuwa Jumamosi, Novemba 5. Redio ya kibandani ilikuwa inasoma taarifa ya habari kutoka Dodoma: Bunge limepitisha Muswada wa Sheria ya Huduma za Habari. Mwandishi atatakiwa kuwa na ithibati, na bodi itaweza kumnyang'anya. Muuza chai akaniuliza niongezewe sukari.

Jioni, nikiwa nimeshafika Kigoma, Mzee akanipigia kujua kama nimefika. Nikamwambia nimefika salama, niko nyumbani. Na yeye alikuwa ameisikia taarifa, redio yake haijapata kuzimwa.

"Gari umegeuza?" akaniuliza.